Tulipokwenda Kununua Jiko

Akina mama wenzetu, mtatucheka. Mwaka 2023 ndoa yetu ilitimiza miaka 25, nasi tukaamua kwamba badala ya kufanya sherehe tutanunua jiko. Maisha tuliyaanza na jiko la mchina la mafuta ya taa, lililonukisha hata nguo za kanisani, kisha tukapanda hadi jiko dogo la gesi la pleti mbili. Sasa tulitaka jiko kubwa la kusimama, lenye upana wa sentimita 90, pleti tano, na oveni ya kuingia kuku wawili kwa mara moja. Fedha tulikuwa tumeziweka kidogo kidogo kwa miaka minne.

Basi kila jioni tulikaa mezani na vitabu vya picha. Tulijifunza mambo ambayo hatukuyatarajia. Kumbe katika mji mmoja mdogo wa Italia uitwao Guastalla, ukoo mmoja wa Bertazzoni ulianzisha kampuni mbili za majiko: ya kwanza yenye jina lao, mwaka 1882, na nyingine iitwayo Smeg, mwaka 1948. Kuna La Cornue ya Ufaransa, iliyoanza Paris mwaka 1908, ambayo majiko yake makubwa huuzwa kwa bei ya gari. Hilo tulilifunga upesi. Mmoja wetu (hatutasema ni nani) aliendelea kulifungua kwa siri.

Binti yetu aliye Uingereza alitutumia picha ya Aga katika nyumba ya watu anaofanya nao kazi. Hili ni jiko la chuma cha kusubu, lenye uzito wa mamia ya kilo. Lile la asili halizimwi usiku wala mchana. Halina moto wa kuonekana, bali lina oveni zilizo moto daima na mabamba mawili juu yenye vifuniko, moja kali na jingine la kiasi. Kwa nchi ya baridi ni jambo jema, kwa kuwa hupasha joto na nyumba. Kwetu Arusha labda lingetufaa mwezi wa Julai tu.

Lakini habari ya aliyelibuni ilitugusa. Alikuwa Msweden, Gustaf Dalén. Mwaka 1912 mlipuko wa gesi katika majaribio yake ulimpofusha, na mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi yake ya taa za kuongozea meli. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akikaa nyumbani alitambua jinsi mke wake alivyochoka kulihudumia jiko, akaanza kufikiria jiko lisilohitaji kuangaliwa kila mara. Mwaka 1922 likawa tayari. Hakuliona kwa macho hata siku moja.

Tulisoma habari hiyo kwa sauti, kisha tukanyamaza, kwa sababu Mama alikuwa ameketi palepale.

Mama ni mzazi wa mmoja wetu, na kwa miaka mingi amekuwa mzazi wa sote wawili. Ana presha ya macho. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa huu humla mtu macho kuanzia pembeni, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Hata hivyo hajaacha kupika. Miezi michache kabla ya hapo, upepo wa dirishani ulizima moto chini ya sufuria yake ya mtori naye asijue. Tuliporudi tulikuta harufu imejaa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hujilaza sakafuni kama maji. Tulifungua milango yote, hatukugusa swichi ya taa, tukamtoa Mama nje. Usiku ule tuligombana kama hatujawahi kugombana. Mmoja wetu alisema Mama asikanyage tena jikoni. Mwingine akasema, "Ukimkataza kupika, atafanya nini tangu asubuhi hadi jioni?" Tulilala bila kuagana. Wazo la jiko jipya lilikuwa pia njia ya kulikwepa neno hilo, ingawa hatukukiri.

Hatimaye yakabaki majiko mawili. La kwanza lilipendeza mno: rangi ya krimu, gesi juu, oveni ya umeme, na kioo cha kugusa kwa kidole mbele. Oveni ya umeme huoka sawasawa, keki hukauka vizuri. Ila oveni kubwa namna hiyo huweza kula kiasi cha kilowati tatu inapopata moto, na wenye LUKU mnajua maana yake. La pili lilikuwa la gesi tupu, la chuma cha pua, halina mapambo.

Siku ya kwenda dukani tulimchukua Mama. Kijana muuzaji alimwamkia, "Shikamoo bibi," akamletea kiti. Mama hakuketi. Alilipapasa lile la krimu toka mwanzo hadi mwisho, taratibu, hata tukaona haya kidogo mbele ya wateja. Kwenye kioo vidole vyake vikateleza. Akashika swichi za pleti, zilizokuwa mviringo mtupu, laini kama yai.

"Hii haina pua," akasema. "Nitajuaje imeelekea wapi?"

Akahamia la pili. Swichi zake zilikuwa nene, kila moja na ukingo uliochomoza, na zilipofika mahali pa kuzimwa zililia "ta!" Akazungusha zote tano, mbele na nyuma. Kijana akaongeza kwamba kando ya kila pleti pana kijiti cha chuma: moto ukizimika, kijiti hupoa, na valvu hukata gesi yenyewe. Tulitazamana. Mmoja wetu alilitazama lile la krimu mara ya mwisho, akatoa fedha.

Fundi alibadilisha nozeli, maana jiko lilikuja limepangwa kwa gesi asilia, na nozeli hizo kwenye gesi ya mtungi hutoa moto wa njano unaochafua sufuria. Mtungi wa kilo 15 ukawekwa nje ya ukuta. Tulikubaliana na Mama kwamba anapopika pawe na mtu nyumbani. Alikubali kwa kuguna.

Wiki ya pili umeme ulikatika saa moja usiku. Tulikuwa tukigongana sebuleni kutafuta tochi, ndipo tukasikia kutoka jikoni "ta", kisha sauti ya mwiko.

"Mama, uko gizani?"

"Giza gani?" akajibu. "Uji umekaribia. Leteni vikombe."