Mdomo Huchoka

Mwezi wa Aprili nilimkabidhi mtoto wa dada yangu darubini, nikamwambia sitaingia tena msituni na wageni. Hakuna aliyenifukuza. Masikio ndiyo yaliyonistaafisha. Sauti nyembamba zimenihama moja moja, kwanza ya chozi wa Amani juu ya miti ya mirihi, kisha za wadogo wengine, na ndani ya Arabuko-Sokoke jicho halivuki hatua tano kwenye kichaka. Bundi bado namsikia vizuri. Lakini huwezi kuwapeleka watu wa ndege kutwa nzima kwa sauti ya bundi peke yake.

Nilizaliwa karibu na Gede, nikasoma hadi darasa la saba, nikauza maembe kando ya barabara ya Malindi, nikafukuzwa na askari wa msitu mara nyingi. Msitu kwetu ulikuwa kuni, muhuhu wa wachongaji na sange wa kitoweo. Ndege walikuwa wa kupiga manati. Utoto wangu ni huo tu.

Kazi hii nilifundishwa na mtu niliyemwita Mzee tu, naye mwenyewe alikuwa mtegaji kabla ya kuanza kuwaongoza Wazungu waliokuja na madaftari. Hakujua kusoma, alijua udongo. Mwaka wa kwanza hakunionyesha ndege hata mmoja, alinifundisha kutazama chini. Mchanga mweupe ni kwao mirihi: hapo inua kichwa, mtafute kwera wa Clarke kwenye vilele. Udongo mwekundu, upande wa magharibi, ni kwao mfunda: hapo keti, sikiliza. Msitu wote ni kilomita za mraba kama 420, lakini yule bundi mdogo wa Sokoke kwetu hakai ila kwenye mfunda.

Ni bundi wa sentimita kama 16, hazidi sana kalamu ya wino. Wapo wa kijivu na wapo wa rangi ya kutu. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1966, na baadaye akapatikana pia chini ya milima ya Usambara Mashariki. Mchana dume na jike hulala bega kwa bega kichakani, chini kiasi cha kuwashika kwa mkono. Siku niliyomwambia nyanya kwamba nimelipwa pesa kumwonyesha mtu bundi, alinizuia mlangoni mpaka nikaoge. Kwake bundi alikuwa habari ya msiba, na anayemfuata kwa miguu yake ni mwendawazimu.

Kumpata mchana ni kazi ya usiku. Saa tisa Mzee alikuwa ameshaniamsha. Tuliketi gizani tukisikiliza ule mluzi wa taratibu, uleule mara tano, sita, hata tisa, kisha kimya. Mzee hakujali walioimba kwanza. Alimngoja wa mwisho kabla ya alfajiri, kwa sababu huyo, alisema, ameshakaribia kitandani. Alivunja kijiti akakilaza chini kikielekea sauti ilikotoka, na hakuingia mpaka jua lipande. Hapo ndipo tulipofuata kijiti, kichaka baada ya kichaka, tukitafuta matone meupe juu ya majani makavu.

Usiku ambao bundi hakuimba, Mzee alipiga mluzi kwa mdomo. Mara mbili, tatu. Akijibiwa alinyamaza kabisa.

Kisha zikaja kanda, zikaja simu, zikaja spika za ukubwa wa chungwa. Kampuni moja ya utalii ikaandika kwenye ratiba yake “bundi wa Sokoke, saa 1:30 asubuhi”, kana kwamba ana ofisi. Nilipokataa kuahidi saa, waliacha kunipigia. Wakampata kijana mmoja ambaye leo ana jina kuliko mimi. Kijana huyo alisimama kando ya kichaka cha jozi niliyoilinda miaka minne akapiga sauti karibu saa nzima, mchana kweupe. Dume alitoka akazunguka akimtafuta mpinzani asiyekuwepo, ndege wadogo wakamzonga, wageni wakapiga picha zao. Juma lililofuata kichaka kilikuwa kitupu.

Nilimshitaki kwenye mkutano wetu wa waongozaji. Akasimama kwa adabu zote. “Mzee, na wewe si hupiga mluzi? Uongo wa mdomo na uongo wa spika una tofauti gani?” Watu wakacheka. Sikuwa na jibu, nikaketi.

Jibu lilinijia miaka baadaye, na kwa kuwa sikulisema siku ile nalisema hapa. Mdomo huchoka, mwanangu. Midomo hukauka, pumzi hukatika, na katika kupumzika ndipo unaposikiliza. Spika haikauki wala haisikilizi. Bundi anayejibu mzuka usiku kucha hawindi. Mnajua haya, mmeyasoma kwenye simu hizohizo mnazomchezea. Kwera wa Clarke aliandikwa mwaka 1913, na kiota chake kikaonekana mwaka 2013, kwenye nyasi za kinamasi cha msimu huko Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki. Miaka mia! Mzee alikufa kabla ya hapo. Kila mara makundi yalipotoweka mirihini alinyoosha kidole kaskazini, nasi tukamwona anakisia tu. Ninyi hamwezi kumngoja ndege nusu saa.

Nimeandika kwa ukali, na yuko mmoja ambaye angenikatiza hapa.

Mwaka 1996 Mzee aliugua, nikaachiwa wageni peke yangu. Mmoja wao alikuwa na kinasa sauti na alikuwa anarudi kwao Ijumaa. Aliniahidi shilingi elfu mbili. Nilimchezea bundi sauti usiku tatu mfululizo, mahali pa Mzee, penye kijiti chake. Tulimwona, tena kwa karibu. Pesa ile niliezekea nyumba.

Mzee alipopona alinichukua hadi palepale. Tuliketi tangu saa tisa. Hakikusikika kitu ila kipasuasanda kwa mbali. Akapiga mluzi mara mbili, akangoja, hakupiga wa tatu. Kulipopambazuka akainama, akaokota kijiti chake cha zamani, akakitazama.

“Betri siku hizi ni bei gani?” akaniuliza.

Nikamtajia. Akaitikia kwa kichwa, akapangusa suruali, tukaondoka kutafuta kichaka kingine.