Kilwa hadi Songo Mnara: Msafara Hupimwa kwa Chombo cha Nyuma

Kusini mwa Kilwa Masoko bahari haikukutana na nchi kavu kwa mstari mmoja ulionyooka. Imejigawa katika mikono mingi, ikazunguka visiwa na misitu ya mikoko, hata mgeni anayetazama kutoka gatini hushindwa kujua kipi ni kisiwa na kipi ni bara. Ng'ambo ya mlango wa bandari ndiko kuliko Kilwa Kisiwani. Kusini yake kuna Sanje ya Kati, na kisha Songo Mnara, kisiwa ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni kwa jina tu.

Visiwa hivi vimebeba sehemu kubwa ya historia ya Uislamu katika pwani yetu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa katika karne ya 11 kwa mawe ya matumbawe, kisha ukapanuliwa na kuezekwa kwa kuba na matao. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Mwaka 1505 Wareno waliuvamia mji huo. Songo Mnara, mji uliostawi tangu mwishoni mwa karne ya 14, ulihamwa katika karne ya 16, na kuta za nyumba na misikiti yake zimebaki zimesimama kati ya miti. Shirika la UNESCO liliyaweka magofu ya visiwa hivi viwili katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati.

Hayo ndiyo yaliyotupeleka huko, sisi wa kamati ya msikiti pamoja na familia za waumini. Tulikuwa watu 38, wazee kwa watoto, katika boti tatu za mashine. Magofu tuliyaona, na tutayaeleza. Lakini kuna jambo jingine tulilojifunza baharini ambalo tumeona si haki kukaa nalo bila kuwafikishia wasomaji, hasa familia zinazopanga ziara za pamoja katika likizo zijazo.

Kalenda ya mwezi na maji ya bahari

Safari ya Songo Mnara hupangwa na maji. Boti hazifiki nchi kavu kisiwani. Abiria hushuka pembezoni mwa mikoko na kutembea ndani ya maji hadi ufukweni. Maji yakiwa yamekupwa, mahali pale hugeuka tope na hakuna chombo kinachosogea.

Manahodha wa Kilwa huyahesabu maji kwa tarehe za Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo bahari hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 3 au zaidi. Katika siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa nne. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele, kwa wastani wa dakika kama 50. Sisi tulisafiri tarehe 20 ya mwezi. Kwa hiyo nahodha mkuu, mzee ambaye ameijua njia hiyo tangu enzi za tanga, alitwambia bila kutazama karatasi yoyote kwamba maji yatajaa karibu na saa mbili asubuhi na yatakupwa karibu na saa nane mchana.

Kabla ya kung'oa nanga alitaka mambo mawili yakubaliwe. La kwanza, msafara uwe na amiri mmoja, na neno lake liwe la mwisho. Hilo halikuwa geni kwetu, kwani ni katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba wasafiri wamteue mmoja wao awaongoze. Tukamteua yeye. La pili lilitushangaza. Boti yenye mashine ya nguvu zaidi, aliyoipakia chakula, maji ya kunywa na watu wachache, aliiagiza ikae nyuma. Yeye mwenyewe aliongoza mbele na wazee na akina mama wenye watoto wadogo, na boti ya vijana ikawa katikati.

Kijana mmoja alimuuliza, "Babu, kwa nini yenye mbio isitangulie?"

"Itangulie iende wapi, mjukuu wangu?" alijibu. "Yenye nguvu ikishapita mbele, nani atamwona aliyekwama nyuma?"

Kila abiria alivalishwa jaketi la kujiokolea. Dua ya safari ikasomwa, tukaondoka saa kumi na mbili na nusu.

Katika mji uliohamwa

Tulifika maji yakiwa yamejaa. Watoto walibebwa mabegani, wazee wakashikwa mikono, tukapita kati ya mikoko hadi kwenye mchanga. Mwongozaji alitupitisha katika vyumba visivyo na dari, kwenye milango ya mawe iliyochongwa kwa ustadi, na mbele ya mihrabu ambayo haijasaliwa jamaa kwa karne nyingi. Watoto waliokuwa wakikimbizana walinyamaza wenyewe walipofika kwenye makaburi. Mmoja wa akina mama alisema kwamba kwa mara ya kwanza ameamini kuwa watu wa pwani walikuwa na miji ya mawe kabla Mreno hajaijua njia ya kuja huku.

Tulitamani kukaa zaidi, lakini maji hayamsubiri mtu. Saa nne na nusu tulikuwa tumepanda boti, na bahari ilikuwa tayari inarudi nyuma kwa kasi.

Mashine ya boti ya katikati

Haikupita nusu saa. Tulikuwa tumeuacha mwambao wa mikoko na kuingia mahali ambapo maji ya kupwa hutoka kati ya visiwa kuelekea bahari kuu. Mashine ya boti ya katikati ilikohoa mara mbili, ikashika, ikakohoa tena, kisha ikazima. Ndani yake walikuwamo vijana 14 na walimu wao wawili wa madrasa.

Nahodha wake hakuinamia mashine kwanza. Alikwenda omo akateremsha nanga. Nanga ilikokoteka kidogo juu ya mchanga, kisha ikashika, na boti ikageuza uso wake kuelekea mkondo. Tulielezwa baadaye kwamba hapo ndipo watu wengi hupotea: chombo kinazima, wote wanaikusanyikia mashine, na wakati wanahangaika na plagi mkondo unawapeleka kwenye mwamba au nje ya bahari kuu. Baada ya nanga kushika, baharia mmoja alisimamisha kitambaa cheupe juu ya upondo, ishara iliyokubaliwa gatini.

Boti ya nyuma ilikuwa imeshaona. Ilisogea, lakini haikujibana ubavuni. Vijana waliokwisha kuinuka wakitaka kuhamia boti ile nyingine walizuiwa kwa sauti kali. Watu wanaposimama wote kwa pamoja na kuelemea upande mmoja, chombo ambacho kilikuwa kizima kabisa isipokuwa mashine hupinduka. Waliamrishwa wakae chini, na wengine wasogee shetri ili omo iwe nyepesi. Kamba ndefu ilirushwa, ikafungwa omo, na nanga ikapandishwa baada tu ya boti ya kuvuta kuanza kuubeba uzito.

Huku mbele, katika boti yetu, kulizuka shauri gumu. Baba mmoja alikuwa na mama yake, bibi wa umri mkubwa mwenye maradhi ya sukari, na wakati wake wa kula ulikuwa unakaribia. Alimwomba amiri boti yetu iendelee moja kwa moja hadi Masoko, wale wawili wavutane polepole wafuate. Ombi lake lilikuwa na uzito. Wapo waliomuunga mkono kwa sababu watoto nao walikuwa wameanza kulia kwa jua.

Nahodha alipunguza mashine, akamgeukia kwa utulivu. "Shehe wangu, chakula cha bibi kimo katika boti ile inayovuta. Nayo ikigoma, nani atakayejua walipo? Nivumilie nusu saa. Wakishafika kwenye maji ya kimya, nikaiona hali yao, hapo ukitaka nikupeleke nitakupeleka."

Yule baba alinyamaza, kisha akasema, "Haya, wewe ndiye amiri." Tulimwona amemshika mama yake mkono muda wote.

Kuvuta chombo kwa kupambana na mkondo wa kupwa kungemaliza mafuta bila kufika popote. Kwa hiyo amiri aliwaashiria wasishindane na maji, bali wayakate kwa mshazari hadi upande wa demani wa kisiwa kilichokuwa karibu, yaani upande uliokingwa na upepo. Walikwenda polepole, kamba ikikaza na kulegea, sisi tukiwatangulia kwa mbali huku baharia wetu akipima kina kwa upondo. Boti zote tatu zilitia nanga kwenye maji mafupi, yaliyotulia. Bibi akapelekewa wali na maji kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mafuta ndani ya chupa

Sasa ndipo mashine ilipofunguliwa. Nahodha alimimina mafuta kidogo kutoka kwenye dumu ndani ya chupa nyeupe, akaiacha itulie. Chini ya petroli palionekana tabaka la maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini ya dumu, mahali ambapo mpira wa mashine huvuta. Huingia kwa njia nyingi: kifuniko kisichokaza, wimbi lililoruka, unyevu wa usiku. Chujio lilisafishwa, kabureta ikamwagwa maji, plagi zikafutwa na kukaushwa, na mafuta safi yakatolewa kutoka boti ya nyuma. Mashine ilikubali mvuto wa sita. Aliiacha inguruma robo saa nzima boti ikiwa bado kwenye nanga.

Amiri alimrudia yule baba kama alivyoahidi, akamwambia kwamba sasa anaweza kumpeleka mama yake Masoko, kwa kuwa waliobaki wako salama na boti mbili zinafanya kazi. Aliyejibu ni bibi mwenyewe: "Mimi nimeshakula. Tutasali hapa, tungoje maji."

Tulisali Adhuhuri juu ya mchanga, watoto wakachota kaa kwenye vidimbwi, na mmoja wetu aliyepata mtandao alimpigia simu mtu wetu wa gatini kumweleza tulipo na saa tutakayoondoka. Saa nane na nusu maji yalipoanza kupanda tulitweka nanga. Boti iliyoharibika iliwekwa tena katikati, na mwendo wa wote ukawa mwendo wake. Tulifika Masoko saa kumi jioni, watu 38 kama tulivyotoka.

Kwa familia na kamati zinazopanga safari

Nchi yetu ina kumbukumbu nzito za majini. MV Spice Islander ilizama mwaka 2011, MV Skagit mwaka 2012, na MV Nyerere katika Ziwa Victoria mwaka 2018. Hatuzitaji kwa kuwatia watu hofu ya bahari. Tunazitaja kwa sababu mzazi anayempandisha mwanawe chomboni ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kulipa nauli, na nahodha mwema hachukizwi nayo.

Aulize kama nanga ipo na kamba yake ni ndefu kiasi gani. Aulize kama kuna plagi za akiba, upondo au makasia, na dumu la pili la mafuta. Ahesabu jaketi, si kwa kukisia. Kama vyombo ni zaidi ya kimoja, aulize nani ni amiri, nani atakaa nyuma, na ishara ya shida ni ipi. Chakula na dawa za wagonjwa ni bora ziwe katika boti wanayopanda wao wenyewe. Na nchi kavu abaki mtu mmoja anayejua idadi ya wasafiri na saa yao ya kurudi.

Kisha liko lisilonunuliwa dukani. Watu wengi husema wanasafiri pamoja ilhali wanafuatana tu, na mwenye haraka humwona mwenzake aliyekwama kuwa ni usumbufu. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) katika safari alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akimsaidia mnyonge, akimpakia nyuma yake na kumwombea dua. Mzee wetu wa Kilwa aliiweka nyuma boti yake yenye nguvu kabla ya jambo lolote kuharibika, na ndiyo maana lilipoharibika hakukuwa na haja ya kumtafuta wa kusaidia.

Wabillahi tawfiq.