Barabara ya Kirinyaga na Mpira Uokoao Ekseli

Mgeni aelekeaye Mto Nairobi kutoka katikati ya jiji la Nairobi hufika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wenyeji wengi bado huiita Grogan. Hilo ni jina la mlowezi Ewart Grogan, aliyesifika kwa safari yake kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, aliyoimaliza mwaka 1900. Leo mtaa huo wa maduka ya vipuri na gereji ni hospitali ya magari.

Miongoni mwa vipuri vya bei nafuu vitafutwavyo hapo ni buti, yaani mfuko wa mpira wenye mikunjo uvikwao viungo vya ekseli na vya usukani. Mfuko huo huhifadhi grisi na kuzuia vumbi na maji. Ukipasuka, grisi hurushwa nje, mchanga huingia, na chuma husaga chuma.

Fundi mwaminifu havishi buti jipya juu ya uchafu. Huchomoa ekseli, hukiosha kiungo, hukikagua, hukijaza grisi mpya, ndipo akaze vibano. Kiungo kikiwa kimeanza kugonga gari likatapo kona, buti pekee halikiponyi. Sharti kibadilishwe chenyewe. Na kiungo cha usukani kilicholika kikichomoka njiani, dereva hana tena amri juu ya gari wala usalama wa abiria wake.

Basi, ndugu msomaji, kila umalizapo safari ndefu, inama uchungulie nyuma ya magurudumu ya mbele. Ukiona grisi imetapakaa, mwite fundi mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.