Tuwafundishe Watoto Lugha ya Picha

Akina mama wenzetu, wengi wetu tuna watoto wanaosoma sekondari. Mtoto huja na daftari lake la Kiswahili akauliza, "Mama, sitiari ni nini?" nasi tukamjibu, "Nenda kamwulize mwalimu wako." Tunadhani hayo ni mambo ya shule na mitihani. Lakini sisi tunaofanya kazi ya uuguzi, na kuwatembelea wagonjwa na wafiwa pamoja na akina mama wa kanisa, tunakutana na lugha hiyo kila siku. Asiyeielewa anaweza kumwumiza mwenzake bila kujua.

Kujibu swali la mtoto si kazi ngumu. Tukisema, "Baba yako ni mpole kama kondoo," hiyo ni tashbihi, kwa sababu neno "kama" limetumika kulinganisha. Tukiondoa "kama" tukasema, "Baba yako ni kondoo," hiyo ndiyo sitiari. Tukisema njaa imebisha hodi mlangoni, tumeipa njaa tabia ya mtu. Hiyo ni tashihisi. Na tunaposema mama fulani "amejifungua" au mzee "ametutoka", tumelivika neno zito nguo ya heshima. Hiyo ni tafsida. Haya yote tunayasema jikoni na sokoni, ila hatukufundishwa kuyaita kwa majina.

Mtoto akikwama katika shairi, tumwulize maswali matatu. Ni kitu gani kinachosemwa? Kimelinganishwa na nini? Na vitu hivyo viwili vinafanana kwa jambo gani? Swali la tatu ndilo lenye kazi. Baba hana manyoya wala hali majani. Anafanana na kondoo kwa upole tu. Mtoto akishalijua hilo, amekwisha kulifungua fumbo.

Mfano mzuri kwetu wazazi ni utendi wa Mwana Kupona, mama wa visiwa vya Lamu, alioutunga mwaka 1858 hivi. Alikuwa mgonjwa, akataka kumwachia binti yake mawaidha ya maisha. Mwanzoni anamwambia apokee hirizi. Mama Mkristo akisoma hapo haraka haraka anaweza kukifunga kitabu na kusema, "Huyu anamfundisha mtoto ushirikina!" Lakini tuulize yale maswali yetu matatu. Kinachosemwa ni mawaidha. Yamelinganishwa na hirizi. Yanafanana kwa kuwa mwenye hirizi huivaa mwilini, huenda nayo kila aendako, na huitumaini kuwa itamlinda. Basi mama huyu alitaka maneno yake yakae na binti yake siku ambazo yeye mwenyewe hatakuwapo. Alifariki mwaka 1860 hivi. Ni mama gani kati yetu asiyeielewa haja hiyo?

Lakini kujua lugha ya picha ni pamoja na kujua wakati ambapo neno si picha. Mtu aliyepigwa kofi husema ameona nyota, nasi tukacheka. Ila mama mjamzito aliyevuka miezi mitano akisema anaona nyota au vimulimuli, na kichwa kinamwuma sana, tusicheke. Huyo anasema vile anavyoona. Huenda shinikizo lake la damu limepanda, na anaweza kupata kifafa cha mimba. Apelekwe hospitali mara moja, asingoje siku yake ya kliniki.

Na mwingine akisema, "Moyo unaniuma," tusikimbilie kuamua. Tumwulize, "Unauma wapi? Nionyeshe kwa mkono. Umeanza lini?" Yupo atakayeshika kifua, na huyo apimwe upesi. Yupo pia atakayeinama na kuanza kulia, kwa kuwa maumivu yake yako nyumbani. Wote wawili wamesema maneno yale yale. Tusipouliza, mmoja wao hatutamsaidia.

Wanaohitaji uangalifu zaidi ni watoto wadogo. Uwezo wa kuelewa mafumbo huja kidogo kidogo kadiri mtoto anavyokua. Mtoto wa miaka mitatu au minne hulipokea neno kama lilivyo. Katika nyumba moja tuliyokwenda kufariji, mtoto wa umri huo alikuwa ameambiwa kwamba bibi yake amelala. Tangu siku ya mazishi akawa hataki kulala. Akiwekwa kitandani analia mpaka anachoka, na watu wazima wakadhani ana homa. Tulipomwuliza taratibu, alisema yeye hataki kulala kwa sababu bibi alilala, wakamfukia.

Mama yake alimpakata akamwambia kwa maneno machache: bibi amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hapumui wala hasikii maumivu. Kulala kwetu usiku ni kupumzika, na asubuhi tunaamka. Alirudia maneno hayo siku kadhaa, na mtoto akaanza kulala tena. Tafsida ile iliyowatuliza wakubwa ilikuwa mzigo kwa mdogo.

Vivyo hivyo, watoto wetu wajue majina halisi ya viungo vyote vya miili yao, ili akiumwa au akiguswa vibaya aweze kusema wazi.

Basi tusiwaachie walimu peke yao kazi hii. Tunapopika au kuchambua mchele, tuwape watoto wakubwa methali na vitendawili, tuwaulize vinafanana kwa nini. Wale wadogo tuwaambie mambo kwa maneno ya kawaida, na tuwape nafasi ya kutuuliza. Na mama mwenzetu akituambia mzigo umemwelemea, huku mikononi hana kitu, tumvutie kiti, tukae naye tumsikilize.