Mapenzi na Fidia

Neno mapenzi lina maana mbili katika Kiswahili. Maana moja ni upendo, na maana nyingine ni matakwa. Mtu asemapo kuwa jambo limetokea kwa mapenzi ya Mungu, aghalabu hakusudii kuwa Mungu ameona huruma. Hukusudia kuwa Mungu ametaka. Watu hulitumia neno hili kila siku pasipo kuona kuwa maana zake mbili hukaa katika nyumba moja kama ndugu. Walakini katika imani ya Kikristo ndugu hawa hawatengani. Mapenzi ya Mungu kwa wanadamu, kama Wakristo wanavyoyafahamu, si wimbi la moyo lijalo na kupwa. Ni nia. Baba alitaka kumtoa Mwana, na Mwana alitaka kutolewa. Kama hiari ingeondolewa katika habari ya msalaba, kingebaki kisa cha mtu aliyeuawa na dola ya Kirumi, na visa vya namna hiyo vilikuwa vingi.

Jambo hili ni jepesi kulisema mimbarini. Uzito wake huonekana linapomfikia mtu mwenye mwili, njaa na hofu. Mtu wa namna hiyo alionekana Polandi katika mwaka 1941.

Maksymilian Kolbe alizaliwa katika mji wa Zduńska Wola mwaka 1894, akawa padri wa shirika la Wafransisko. Ugonjwa wa kifua kikuu ulimsumbua miaka mingi, lakini haukumzuia kufanya kazi. Mwaka 1927 alianzisha Niepokalanów, nyumba kubwa ya watawa karibu na Warsaw, mahali pa sala na pa mitambo ya kupiga chapa. Kutoka mwaka 1930 mpaka 1936 alifanya kazi Japani, katika mji wa Nagasaki. Hakuwa mtu asiye na ila. Magazeti yaliyotoka katika mitambo ile yalichapa pia maneno ya chuki juu ya Wayahudi, na wanazuoni wamelilaumu jambo hilo kwa haki. Vita vilipozuka mwaka 1939, nyumba hiyo hiyo iliwapokea watu waliofukuzwa makwao, na Wayahudi walikuwa miongoni mwao. Moyo wa mtu ni shamba ambalo magugu na nafaka huota pamoja.

Februari 1941 Kolbe alikamatwa na polisi wa Manazi, na mwezi Mei alipelekwa katika kambi ya Auschwitz. Huko jina lake lilinyang'anywa, akapewa namba 16670. Mwisho wa Julai mfungwa mmoja hakuonekana wakati wa kuhesabiwa. Adhabu ya kambi ilikuwa watu kumi kufa kwa njaa kwa ajili ya mmoja aliyetoroka. Afisa aliyeitwa Karl Fritzsch alipita mbele ya safu, akachagua kumi kama mtu achaguavyo kuni. Mmoja wao, Franciszek Gajowniczek, sajini wa jeshi la Polandi, alilia akimtaja mke wake na watoto wake.

Ndipo Kolbe alipotoka katika safu pasipo kuitwa, tendo ambalo peke yake lilitosha kumfanya apigwe risasi. Alisema kuwa anataka kushika mahali pa mtu yule, kwa kuwa yeye hana mke wala mtoto. Alipoulizwa yeye ni nani, hakutaja jina wala namba. Alijibu kuwa ni padri Mkatoliki. Alikuwa na umri wa miaka 47. Ombi lake lilikubaliwa, na sajini akarudishwa katika safu.

Tendo hili lilikuwa moja, lakini lilikuwa na maana mbili zilizopingana kama mchana na usiku. Kwa afisa yule hesabu haikuharibika. Alihitaji watu kumi, na kumi walikuwapo. Namba moja ilitoka na nyingine ikaingia. Kwa padri, aliyelia hakuwa namba. Alikuwa mtu fulani, mwenye mke fulani na watoto fulani, asiyeweza kubadilishwa na yeyote katika dunia. Mmoja alibadilisha vitu. Mwingine alimfidia mtu.

Wanazuoni wa Kikristo wamebishana kwa karne nyingi juu ya maana ya fidia. Anselm wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, aliieleza kwa mfano wa deni. Mwanadamu anadaiwa wala hana cha kulipa. Mungu ana cha kulipa wala hadaiwi. Basi mlipaji hana budi kuwa Mungu na mtu pamoja. Abelard, katika karne ya 12, hakuridhika na hesabu hiyo. Yeye aliona kuwa msalaba huonyesha upendo wa Mungu, na kwa kuuonyesha huwasha upendo katika mioyo iliyopoa. Hoja zote mbili zina nguvu, lakini habari ya Auschwitz inazijaribu kama moto ujaribuvyo dhahabu.

Gajowniczek alinusurika. Alikaa Auschwitz, kisha akahamishiwa kambi ya Sachsenhausen, akapata uhuru mwaka 1945. Alirudi kwao akamkuta mkewe hai. Wanawe wawili hakuwakuta. Walikuwa wameuawa kwa mabomu ya jeshi la Kisovieti mwezi Januari mwaka ule ule. Padri alikuwa amekufa ili watoto wasipotewe na baba. Sasa baba alikuwa amepotewa na watoto.

Hapa mizani ya deni inatetemeka. Sababu iliyomfanya mtu alie na mwingine atoke katika safu ilikuwa imefutwa. Mwenye kupima sadaka kwa faida yake angesema kuwa nusu ya sadaka hii ilipotea bure. Hoja ya namna hii haifai kukimbiwa, maana huurudia msalaba wenyewe. Baada ya msalaba watoto waliendelea kufa, wakatili waliendelea kutawala, na akina mama waliendelea kuomboleza. Kama mapenzi ya Mungu yalikuwa biashara, dunia ina haki ya kuuliza bidhaa iko wapi.

Jibu lililo bora halipo katika uwanja wa kambi. Lipo chini ya ardhi, katika jengo la 11, ambako watu wale kumi walifungiwa pasipo chakula wala maji. Wasimuliaji wengi humkumbuka mmoja aliyeokolewa, wakawasahau tisa ambao Kolbe hakuweza kuwaokoa. Aliingia chumbani pamoja nao. Mfungwa mmoja aliyekuwa mkalimani mahali pale alishuhudia kuwa sauti za sala na nyimbo zilisikika kutoka ndani, na padri akiwaongoza wenzake. Walikufa mmoja mmoja. Baada ya majuma mawili hivi walibaki wanne, na Kolbe alikuwa mmoja wao. Waliuawa kwa sindano ya asidi ya kaboliki tarehe 14 Agosti 1941.

Basi sadaka ile ilikuwa na pande mbili. Kolbe alikufa badala ya mtu mmoja, na alikufa pamoja na watu tisa. Upande wa kwanza unaweza kupimwa, na bomu moja laweza kuupunguza thamani machoni pa watu. Upande wa pili haupimiki wala haupunguki, kwa sababu haukuahidi matokeo yoyote. Uliahidi kutowaacha. Wakristo husema kuwa Mungu, katika Kristo, hakulipa deni akiwa mbali kama tajiri atumaye fedha kwa mjumbe. Aliingia katika chumba cha kifo walimokuwamo wanadamu, na hakutoka kwa mlango wa upendeleo. Huko ndiko upendo na matakwa vinakokuwa neno moja. Kumpenda anayekufa ni kutaka kuwa pale alipo.

Kanisa Katoliki lilimtangaza Kolbe kuwa mwenye heri mwaka 1971, na mtakatifu na shahidi tarehe 10 Oktoba 1982. Katika siku zote mbili Gajowniczek alikuwapo Roma. Alikuwa ameungama kuwa kwa muda mrefu majuto yalimlemea kila alipomkumbuka padri, kwa maana zawadi kubwa huwa mzigo kwa aliyeipokea kama haiwezi kurudishwa. Hakuweza kuirudisha, aliweza kuisimulia tu, na aliisimulia mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 93, akazikwa Niepokalanów kati ya watawa wa nyumba ile. Padri mwenyewe hana kaburi huko. Mwili wake ulichomwa moto kambini, na mahali palipokuwa pake pamelala mtu yule aliyetaka aishi.