Mapokeo: Imani Iliyopita Njia Nyingi



Kwetu Urambo Wakatoliki na Wamoraviani tunaoana na kuzikana. Msibani swali moja halikosi: "Hayo yenu yameandikwa wapi?" Mkatoliki hujibu, "Ni mapokeo," na mazungumzo yanaishia hapo, kwa kuwa wengi wakisikia mapokeo hudhani ni desturi za wazee.

Neno lina uzito zaidi. Traditio ya Kilatini humtazama anayekabidhi. Mapokeo yetu humtazama anayepokea. Tena hutumika kwa wingi, kama maji yanayofika shambani kwa mifereji kadhaa.

Chukueni habari za Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Wazee wa Kinyamwezi walisimulia. Stanley, aliyekutana naye mwaka 1876, aliandika. Wamisionari Waingereza waliokaa kwake waliandika pia. Hawakubaliani katika yote, lakini nani atasema Mirambo hakuwepo? Ndugu zetu Waislamu huiita habari ya namna hiyo mutawatiri: imepokewa na watu wengi, kwa njia nyingi, hata haiwezekani wawe wamekula njama ya kusema uongo.

Wingi wa midomo pekee hautoshi. Uvumi uliosambazwa katika vikundi ishirini vya WhatsApp bado una chanzo kimoja. Kinachotupa uhakika ni njia zisizotegemeana zinapokutana.

Ndivyo alivyojenga hoja Mtakatifu Irenei katika karne ya pili: Makanisa ya Gallia, Hispania na Misri yana lugha mbalimbali, lakini imani ni ile ile. Na jirani akiuliza palipoandikwa, mfungulie 2 Wathesalonike 2:15. Paulo anawataka waumini washike walichofundishwa, ama kwa maneno ama kwa barua. Njia mbili, na zote ni za mtume. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Dei Verbum ya mwaka 1965, unafundisha kwamba Maandiko na Mapokeo hububujika kutoka chemchemi moja ya kimungu.

Basi tusiite Mapokeo kila tulichozoea. Sare za kwaya na mpangilio wa matoleo ni desturi, vinaweza kubadilika. Imani ya Mitume haibadiliki. Imetufikia kupitia maaskofu, makatekista, na akina mama waliotushika mkono tukajifunza ishara ya msalaba kabla hatujajua kusoma. Aliyepokea asipokabidhi, mfereji mmoja umekauka, na kuna mtoto nyumbani mwake aliyekuwa akiusubiri.