Jodari wa Mwamapalala

Msomaji, usicheke. Riwaya yangu ya kwanza niliianza na jodari, nami bahari sijaiona. Hapa Mwamapalala tuna malambo tu. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 1979, huko Nova Scotia, Kanada, Ken Fraser alimvua jodari wa kilo 679 kwa fimbo na mshipi. Si kwa njaa, kwa mchezo! Karibu fahali wawili wa huku kwetu!

Nikamsomea babu kurasa zangu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mbona huyo mvuvi wako hana mikono?"

Nikakosa jibu. Nilikuwa nimeandika mawimbi, jua, ushindi. Mikono, hamna.

Jioni akanipeleka lamboni, akaniachia mshipi wake. Kambale akavuta. Wala hakuwa mkubwa, hata kilo mbili hafiki, lakini nailoni ilinikata kidole, nikapiga kelele kama mtoto.

Babu akacheka. "Haya, sasa nenda kaandike."

Usiku ule nilichana kurasa zote 11. Iliniuma kuliko kile kidole. Nikaanza upya. Jodari bado yumo, ila safari hii nimeanzia kidoleni.